Benki ya uwekezaji haikukopeshi

Mteja anaingia, anakaa, anatoa bahasha ya kaki, ndani mna hati ya kiwanja. "Nataka bilioni mbili. Riba yenu asilimia ngapi?" Swali hili nimelisikia mno. Kazi yetu si kukukopesha, ni kukutafutia fedha za watu wengine. Tunathamini kampuni, tunaandaa waraka wa matarajio (maelezo ya kampuni na toleo lake kwa wawekezaji), tunausimamia mpaka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana iuidhinishe, kisha tunatafuta wanunuzi wa hisa au hatifungani, yaani mkopo unaogawanywa kwa wawekezaji wengi, wanaolipwa riba na kurudishiwa fedha zao. Tunalipwa ada.

Mfano wangu ni Tanga UWASA. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ya maji iliingia sokoni na hatifungani ya kijani, yaani ya miradi inayojali mazingira, ya Sh53.12 bilioni, ya miaka 10, ili kupanua miundombinu ya maji. Fedha zilitoka kwa wawekezaji, na wawekezaji hawaulizi kiwanja. Wanauliza: mapato yenu ya bili yatatosha kutulipa?

Kwa hiyo hati ibaki nyumbani. Niletee hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Daftari la mauzo halitoshi, na kama ada za shule za watoto zinatoka kwenye akaunti ya kampuni, mkaguzi ataziona na mwekezaji ataziona. Tenganisheni fedha za nyumbani na za biashara mwaka huu, tafadhali, kabla ya kumtafuta mshauri yeyote.

Kuna dhana nyingine ninazozisikia. "Huduma hizi ni za kampuni kubwa tu." Hapana. Soko la Hisa la Dar es Salaam lina dirisha la kukuza ujasiriamali kwa ajili ya wadogo, na Maendeleo Bank iliorodheshwa humo mwaka 2013. Humo kampuni huongozwa na mshauri mteule, yaani mtaalamu anayeisaidia kufuata kanuni za soko.

"Nikinunua hisa, fedha zangu zinaingia kwenye kampuni." Muulize kwanza anayeuza ni nani. Mwaka 2008 hisa bilioni 10 za Safaricom ziliuzwa na Serikali ya Kenya, kwa Sh5 za Kenya kila moja kwa wananchi. Fedha zilikwenda Hazina, si Safaricom.

"Toleo la hisa lenye washauri wakubwa haliwezi kushuka bei." Hisa hizo hizo za Safaricom zilishuka chini ya Sh5 kabla mwaka haujaisha. Hata benki iliyoahidi kununua hisa zitakazobaki inamlinda anayeuza, si wewe unayenunua. Waraka wa matarajio una sura ya vihatarishi; isome yote kabla hujajaza fomu.