Tarsia haichongwi

Tarsia ni picha ya vipande vya mbao za rangi mbalimbali, vilivyokatwa na kupachikwa hadi uso wote ukawa bapa. Basi, maana yenyewe ndiyo hiyo. Lakini kila zinaposambazwa picha za kazi hizi za Italia, zenye matao, ngazi za mawe na nyumba za mapaa ya vigae, chini yake huandikwa "uchongaji wa ajabu".

Mchongaji huondoa mbao ili umbo litokeze. Mlango wa Lamu hata ukiupapasa gizani utajua ua liko wapi. Tarsia ukiipapasa huambulii kitu. Kina chake ni cha macho tu. Chumba cha kusomea cha Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino huko Italia, kilichotengenezwa miaka ya 1478 hadi 1482 hivi kwa ajili ya kasri lake la Gubbio, sasa kimo Metropolitan Museum, New York. Humo utaona makabati yenye milango iliyoachwa nusu wazi, na vivuli vikiangukia rafu. Hakuna kabati hata moja. Yote ni ukuta bapa, wa mjozi na mbao nyingine.

Wala si uchoraji. Fundi hakuwa na brashi: mbao nyeusi ilikuwa kivuli, nyeupe ikawa ukuta uliopigwa na jua. Kijani mafundi wa karne ya 15 walikipata kwenye mbao zilizoingiwa na kuvu wa aina fulani, anayezitia rangi zikiwa bado msituni (hapo ndipo ninapowavulia kofia). Baadaye mtawa Fra Giovanni da Verona, bingwa wa mandhari za miji, alizitia mbao rangi za kuchemsha, lakini hata yeye alitaka rangi inywewe na mbao, si ipakwe juu. Na majengo yalipendwa kwa sababu nyepesi: kuta na madirisha vina kingo zilizonyooka, zinazotii msumeno na kanuni za kuonyesha umbali.

Wanaochanganya tarsia na picha za vinia, yaani za mbao nyembamba zilizogandishwa juu ya ubao, nawaelewa; kazi hizo ni ndugu. Kuchonga ndiko kusikohusika. Neno tarsia likikushinda, sema imetiwa njumu, yaani nakshi ya kupachika, kama viti vya enzi vya pwani yetu vilivyopachikwa pembe za ndovu. Utaeleweka, na hutakuwa umekosea sana.