Kwa Nini Mzee Mwenye Alzheimer Hupotea Njia Aliyoizoea

Familia ikimleta mzee kliniki kwa tatizo la kusahau, wengi hutaraji daktari aanze kumuuliza majina ya wajukuu. Mimi huanza na njia. Amewahi kushuka kwenye daladala pale Buhongwa akabaki kituoni, asijue aelekee wapi? Ametumwa dukani akarudishwa na kijana wa bodaboda? Akiamka usiku kwenda chooni ugenini, hurudi mwenyewe kitandani au mtu humfuata? Ndugu hutazamana, kisha mmoja husema, "Eeh, hilo limeanza muda mrefu, ila tulidhani ni uzee."

Si uzee. Kusahau ulikoweka miwani ni jambo la kila mtu aliyevuka miaka 60, hata mimi. Kupotea kwenye njia uliyoipita miaka ishirini ni jambo jingine: ni dalili ya mapema ya Alzheimer, ugonjwa unaoua seli za ubongo taratibu, na lina mahali pake ndani ya ubongo.

Upande wa chini wa ubongo, ukipita usawa wa sikio kuelekea katikati ya kichwa, kuna kipande kidogo kinachoitwa gamba la entorina. Kipo kushoto na kulia. Nyuma yake tu kuna hipokampasi, sehemu inayotengeneza kumbukumbu mpya. Kwa mtu wa Mwanza naweza kulieleza gamba hili kwa kutaja Kirumba Mwaloni. Dagaa wa Ukerewe na sangara wa visiwani hushushwa mwaloni, hupangwa, hupimwa, ndipo wachuuzi huwachukua. Unachokiona, unachokisikia na unachokinusa nacho hupita kwanza kwenye gamba la entorina, kikapangwa, ndipo kikaingia hipokampasi. Hata kumbukumbu iliyokwisha kutengenezwa, ikitoka humo kwenda kuhifadhiwa sehemu nyingine za ubongo, hupita hapohapo. Mwalo ukiungua, ziwa litakuwa na samaki na soko litakuwa na wateja, lakini hakuna kitoweo.

Ndiyo maana bibi anaweza kukusimulia vizuri siku MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, alikuwa wapi, nani alimpa habari, watu walivyokimbilia ufukweni, halafu akakuuliza mara ya nne kama chai imeshanywewa. Habari za 1996 ziliingia wakati njia ilikuwa wazi, na sasa zimehifadhiwa kwingineko. Chai ya asubuhi ya leo haikuingia kabisa. Kumwambia "si nimekwambia sasa hivi?" ni kumdai risiti ya mzigo ambao haukupokelewa.

Dunia ilijifunza uzito wa eneo hili kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1953, huko Hartford nchini Marekani, Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa. Pande zote mbili za ubongo wake zilikatwa sehemu kubwa ya hipokampasi, na pamoja nayo karibu gamba lote la entorina. Kifafa kilipungua. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake ya kila siku. Mambo ya utotoni alikuwa nayo.

Kumbukumbu ni nusu tu ya kazi ya gamba hili. Nusu ya pili ilijulikana mwaka 2005, pale watafiti May-Britt Moser na Edvard Moser, mjini Trondheim, Norwei, walipoonesha kwamba ndani ya gamba la entorina la panya kuna seli zinazowaka kila anapofika kwenye pointi fulani za sakafu. Pointi hizo ukiziunganisha unapata wavu wa pembetatu zilizolingana, umetandazwa chumba kizima. Kwa wavu huo ubongo hujua umekwenda mbali kiasi gani na kuelekea upande gani, hata gizani. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John O'Keefe, ambaye mwaka 1971 alikuwa amegundua ndani ya hipokampasi seli za mahali, zinazowaka mnyama akiwa sehemu moja mahususi.

Mfikirie nahodha wa mtumbwi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, taa zikielea juu ya maji. Amezunguka, amekokota nyavu, amesukumwa na upepo, na alfajiri anageuza mtumbwi kuelekea Igombe kabla ufukwe haujaonekana. Nyota zinamsaidia, upepo na taa za nchi kavu pia. Lakini chini ya hayo yote ubongo wake umekuwa ukipiga hesabu ya kila mgeuko tangu jioni, bila yeye kuuagiza. Hesabu hiyo ndiyo Alzheimer huiharibu mapema.

Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliipima kwa njia rahisi kueleza. Mtu alivalishwa miwani ya kielektroniki inayomwonesha uwanja wa kubuni, akatembea kutoka alama moja hadi nyingine, alama zikaondolewa, akaambiwa arudi alipoanzia. Waliokuwa na dalili za awali za kusahau, na ambao vipimo vya maji ya uti wa mgongo vilionesha alama za Alzheimer, walikosea zaidi kuliko wenzao waliosahau kwa sababu nyingine. Kipimo hicho kiliwatenganisha vizuri kuliko vipimo vya karatasi tulivyovizoea.

Sasa, nini hasa hutokea ndani ya seli? Protini mbili zinahusika. Ya kwanza, amiloidi beta, hujikusanya nje ya seli kama madoa, na kwa kawaida huanzia sehemu za juu za gamba la ubongo, si kwenye entorina. Ya pili inaitwa tau. Katika ubongo wenye afya tau hushikilia mirija midogo inayosafirisha chakula na vifaa ndani ya seli ya neva. Kwenye Alzheimer tau hubadilika kikemia, hujitoa kwenye mirija, na kujisokota kuwa mafundo. Mirija hulegea, usafiri husimama, seli hufa.

Mafundo hayo hayatokei ovyo. Mwaka 1991, Heiko Braak na Eva Braak wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu 83 waliofariki, wakaonesha mpangilio ambao hadi leo tunautumia: mafundo ya tau huanzia ukingoni mwa gamba la entorina, huingia hipokampasi, kisha husambaa hadi maeneo ya lugha, ya utambuzi wa nyuso na ya maamuzi. Mwaka 2012 majaribio ya panya waliotengenezewa tau ya binadamu kwenye gamba la entorina peke yake yalionesha jinsi inavyosonga: ilihama kutoka seli hadi seli kufuata nyuzi zinazounganisha sehemu hizo. Kwa hiyo dalili nazo zina foleni. Njia na habari za leo hutangulia kupotea. Kushindwa kumtambua mwanao huja baadaye sana.

Uchunguzi ninaoutegemea zaidi ninapozungumza na familia ulichapishwa mwaka 1996 huko Boston. Seli za neva za gamba la entorina zilihesabiwa chini ya hadubini, tabaka kwa tabaka. Tabaka la pili ndilo linalotuma nyuzi kwenda hipokampasi. Kwa watu waliofariki wakiwa na dalili nyepesi kabisa za Alzheimer, ambao jirani asingetambua chochote, tabaka hilo lilikuwa limepoteza takriban asilimia 60 ya seli zake. Kwa waliofikia hatua kali, takriban asilimia 90. Na wazee wa miaka 60 hadi 90 waliofariki akili zikiwa timamu? Idadi ya seli zao haikupungua kwa umri. Mtu akiniambia "ni uzee tu", hicho ndicho ninachomjibu.

Hata mgonjwa wa kwanza kabisa alikuwa na dalili hii. Auguste Deter alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51, na mwaka 1906 daktari Alois Alzheimer alieleza ubongo wake mbele ya wenzake mjini Tübingen. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni kwamba mama huyo alishindwa kujua pa kupita ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Harufu nayo huguswa mapema, kwa kuwa mishipa ya pua hufika kwenye gamba la entorina kwa njia fupi sana. Mama aliyeuza samaki maisha yake yote akianza kupika sato walioharibika bila kustuka, inafaa aulizwe. Ila msiruke kufika Alzheimer: mafua ya muda mrefu, sigara, na UVIKO-19 pia huua kunusa.

Kanda ya Ziwa tuna sababu yetu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Kikongwe anakutwa usiku wa manane uani kwa jirani, amejifunga kanga moja, hawezi kueleza amefikaje wala anatafuta nini. Mbwa wanabweka, watu wanatoka na tochi, na mmoja anasema wamekamata mchawi. Wanawake wazee wa Usukumani wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, wengine kwa macho mekundu tu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia familia zao. Mimi si mwanasiasa wala mchungaji. Ninachoweza kusema kwa kazi yangu ni kwamba mtu asiyeweza kueleza amefikaje mahali ndiye hasa mgonjwa ninayemweleza hapa. Safari yenyewe haikuandikwa kichwani mwake. Mara nyingi ukimuuliza kwa upole utasikia anakwenda kwa mama yake, kwenye mji uliobomolewa zamani, kwa kuwa ramani ya utotoni imebaki na ya jana haipo. Wenyeviti wa vitongoji na sungusungu wanapaswa kulijua hili kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ugonjwa huu haupo Ulaya tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kwa sababu ya ugonjwa, mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote. Hapa kwetu, utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta demensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na kuendelea. Kipimo kifupi kilichotokana na kazi ya Hai hakimhitaji mzee ajue kusoma: hutaja wanyama, hupanga njiti za kiberiti, hukumbuka maneno aliyosomewa, na huulizwa daraja ni nini. Swali hilo la mwisho kwa wazee wa Sengerema siku hizi linaleta hotuba ndefu kuhusu daraja la ziwani kati ya Kigongo na Busisi, na hotuba nayo ni jibu.

Kabla hatujasema Alzheimer tunatafuta yanayotibika: tezi ya koo, upungufu wa vitamini B12, VVU, kaswende iliyofika kwenye ubongo, sonona, na damu iliyovujia taratibu ndani ya fuvu baada ya kuanguka na pikipiki wiki kadhaa zilizopita. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, huyo si wa kusubiri tarehe ya kliniki. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari imeshuka au kiharusi. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Dawa za Alzheimer kama donepezili na memantini hupunguza makali ya dalili kwa baadhi ya wagonjwa, hazirudishi seli. Dawa mpya za kuondoa amiloidi zinazotumika Marekani hupunguza kasi kidogo, ni ghali, na zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara kwa mashine ya MRI. Kwa familia nyingi za hapa si jambo la kujadili leo. Shinikizo la damu, kisukari, usikivu uliopungua na sigara, hayo ni ya kujadili leo. Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kuwa takriban asilimia 45 ya demensia duniani inahusiana na mambo yanayoweza kuzuilika au kucheleweshwa, na kwa maoni yangu presha isiyotibiwa ndiyo tunayoichezea zaidi.

Nyumbani, msihamishe kitanda wala kabati. Taa ndogo iwake kati ya chumba na choo. Namba ya simu ya familia ishonewe ndani ya nguo, si iandikwe kwenye karatasi atakayoitupa. Majirani, muuza duka na vijana wa kijiwe cha bodaboda waambiwe waziwazi, "baba anaumwa, hupotea, mkimwona tupigieni". Aibu ya kuwaambia ni ndogo kuliko kumtafuta kandokando ya ziwa. Kisima na njia ya kushukia majini vizibwe. Kumfungia ndani peke yake siwashauri: ataendelea kutafuta mlango, na moto ukitokea hana pa kupita. Atembee, lakini na mtu.

Mkija kliniki, leteni dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba. Aje pia anayelala naye nyumba moja, hata kama ni mjukuu wa darasa la saba. Mtoto mkubwa aliyeko Dar es Salaam anayelipa nauli tutamsikiliza kwa simu.