Kwa nini kundi la watalii hupewa vyumba vya nyuma usiku wa kwanza

Mgeni wa kundi hufika usiku akiwa amechoka, hulala usiku mmoja tu, na chumba chake kimeshalipwa na wakala zamani, tena kwa bei ya chini. Mambo hayo matatu yakikutana, ujue atapewa chumba kilichokataliwa na mgeni wa wiki mbili.

Kazi yangu ni kupokea makundi yanayoanzia safari Bukavu, mji wa Kongo kando ya ziwa Kivu. Wengi huvuka mto Ruzizi jioni wakitokea Rwanda, na kesho yake alfajiri tunashika njia inayopita mahali paitwapo Miti kwenda Tshivanga, kituo cha hifadhi ya Kahuzi-Biega, kwenye gorila. Tangu mambo ya Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, kazi imepungua sana, lakini swali la hoteli bado naulizwa, hasa na vijana wanaotaka kuwa viongozi wa watalii.

Chukueni mfano wa kundi moja la Wabelgiji, wazee watupu, walioahidiwa kwenye karatasi ya safari vyumba vyenye baraza kuelekea ziwa. Mama wa mapokezi alipotungua funguo za upande wa kushoto wa ubao, nikajua hata kabla hawajapanda ngazi: kulia ni ziwa, kushoto ni uani. Nikapanda nao. Dirisha la bafu lilitazamana na bomba la moshi la jenereta, karibu hivi kwamba pindo la pazia lilikuwa limeingia weusi. Mzee mmoja akafungua maji. Bomba likakohoa, likatema maji mekundu ya kutu, likanyamaza. Pembeni kulikuwa na ndoo ya bluu iliyojaa hadi ukingoni, kopo la plastiki likielea juu yake.

Nikashuka. “Mama, hawa ni wazee, na kesho wanapanda mlima.”

“Papa, nakuelewa kabisa. Watu wa semina wameongeza siku mbili.”

Hakunidanganya. Hoteli nyingi za Bukavu zimeishi miaka mingi kwa semina za mashirika kuliko kwa watalii. Mtu wa semina analala wiki nzima, anakula mchana, shirika lake linakodi ukumbi, na jioni anakunywa bia yake barazani. Mtalii wangu anakunywa chai saa kumi na moja asubuhi na kuondoka. Ningekuwa mimi meneja, sijui kama ningemhamisha yule wa semina.

Umeme ndio wageni huuliza zaidi: mji uko pale Ruzizi inapotoka ziwani, una bwawa, giza linatoka wapi? Bwawa la Ruzizi ya Kwanza ni la mwisho wa miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo. Umeme wa Ruzizi ya Pili, bwawa la 1989, unagawiwa kwa Kongo, Rwanda na Burundi. Juu ya hayo, chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa ziwani huteremka na mkondo hadi kwenye mitambo na kuikwamisha. Umeme ukikatika, pampu inasimama, na katika mji wa vilima kama huu maji hayapandi yenyewe hadi tangi la ghorofa ya tatu. Ndiyo maana taa na bafu hufa pamoja. Jenereta nayo hunywa mazutu, yaani dizeli, kwa hiyo usiku ukikomaa huzimwa.

Kiongozi anapaswa kutenganisha haraka kinachorekebishika na kisichorekebishika. Maji ya moto yanapatikana: jikoni kuna jiko la makaa, sufuria kubwa na kijana wa kubeba. Shuka hubadilishwa. Moshi wa jenereta haurekebishiki. Hapo unadai chumba kingine au hoteli nyingine, na unadai kabla watu hawajafungua mabegi. Usiku ule tulipata vyumba viwili vya mbele, tukawapa waliokuwa na shida ya kifua. Waliobaki walioga kwa ndoo, maji yakiwa ya moto kweli.

Chakula nakisimamia kwa ukali zaidi kuliko vitanda. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mchana na kupashwa usiku siwaruhusu mezani. Mgeni asipolala vizuri, atapanda akinung'unika. Mwenye tumbo la kuhara au mafua hatakiwi karibu na gorila, kwa sababu magonjwa yetu huwashika. Huyo safari yake yote inaweza kuishia kwenye banda la Tshivanga.

Halafu kuna karatasi, na hapa vijana wengi hulegea. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2015 kuhusu safari zinazouzwa kwa mkupuo, yaani usafiri na hoteli kwa bei moja, humfanya mwandaaji aliyeuza safari ajibu hata kwa kosa la hoteli iliyoko Bukavu, na mteja anaweza kupunguziwa bei. Ila mteja naye anatakiwa kutoa taarifa bila kukawia. Akinyamaza hadi arudi Brussels, madai yake yanapungua nguvu. Kwa hiyo piga picha usiku uleule, andika namba ya chumba na kilichoahidiwa, mama wa mapokezi atie sahihi, kisha tuma kwa wakala kabla ya kulala. Wengine huona huko ni kumchongea mwenye hoteli. Sioni hivyo: bila karatasi ile, wakala atakata fedha kwako wewe.

Siku hizi nakataa kulipa yote mapema. Nusu naishika mpaka kundi liingie vyumbani, na kwenye hati ya malipo naandika namba za vyumba, si “chumba cha watu wawili” tu. Kuna mwenye hoteli mmoja hajibu tena simu zangu kwa sababu hiyo.