Je, wajua radi inaanzia kwenye barafu?

Ushawahi kuvua sweta la nailoni usiku, taa zimezimwa, ukasikia tatatata na kuona cheche za mwanga? Radi ni kitu kilekile, ila ukubwa wake ndo haulinganishiki.

Wingu la radi sisi tunaliona lile jeusi la chini tu, kumbe limepanda juu kilomita 10, 15, na huko hata hapa kwetu ikweta ni baridi ya kugandisha. Ndani kuna upepo unapanda kwa nguvu umebeba chembe ndogo za barafu, nyepesi, huku vipunje vizito kidogo, kama mvua ya mawe ambayo haijakomaa, vinashuka, sasa vinagongana, na kila vikigongana chaji ya umeme inahama, kile kizito mara nyingi kinabaki na chaji hasi na chembe nyepesi inaondoka na chaji chanya kupelekwa juu na upepo. Mwisho wake juu ya wingu kumejaa chanya, katikati na chini hasi. Yaani moto wote ule unatengenezwa na barafu kusuguana! Mimi hili ndo lilinishangaza kuliko yote.

Radi nyingi zinaishia humohumo mawinguni. Ile inayokuja chini inashuka kwa hatua, kila hatua kama mita 50, na ardhi nayo imeshavutiwa chaji chanya, kwa hiyo mti au mnara unarusha cheche yake kwenda juu kuipokea. Zikikutana tu, umeme wa kama ampea 30,000 unapita, hewa inafika nyuzi joto 30,000 hivi, kama mara 5 ya uso wa jua, inatanuka ghafla na hiyo ndo ngurumo. Na wanaosema nguo nyekundu inaita radi, haihusiki kabisa jamani, kinachoiita radi ni urefu.

Ndo maana nawawaza sana wavuvi wa dagaa Ziwa Victoria. Usiku upepo wa nchi kavu unatoka pande zote unakutana ziwani, hewa yenye joto na unyevu inapanda, radi inawaka saa zilezile wao wako majini na taa zao, na kwenye maji hakuna kirefu kuliko mtu na mtumbwi wake.

Ukiona mwanga anza kuhesabu, kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ngurumo ikifika kabla ya 30, ingia ndani ya nyumba au gari, sio chini ya mwembe.