Kichwa chini, lakini palepale

Januari 2024 rafiki yangu alinitumia picha ya SLIM, chombo cha shirika la JAXA la Japani, kikiwa kimesimama kwa pua Mwezini, injini zikitazama juu. Alikuwa anacheka. Mimi kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kusoma picha, na ile picha niliionea wivu.

Mwezini hakuna GPS. Chombo kinachoshuka hujumlisha mwendo wake chenyewe ili kijue kilipo. Ni kama wewe umeme ukikatika usiku: unahesabu hatua kutoka kitandani, kila hatua inaongeza kosa dogo, mpaka kidole cha mguu kikutane na stuli. Apollo 11 ilipitiliza lengo kwa kilomita 6 hivi. SLIM ilitaka kosa lisizidi mita 100.

Dawa yake ni kufungua macho. Kamera inapiga picha ya ardhi, programu inatafuta kreta, yale mashimo ya Mwezini (kasoko, ukipenda Kiswahili cha kitabuni), inatupa vingine vyote, na kubaki na vidoti tu. Mpangilio wa vidoti hivyo unalinganishwa na ramani iliyoandaliwa mapema kutokana na picha za vyombo vilivyotangulia.

Kwa nini isilinganishwe picha nzima? Kwanza, kompyuta za angani ni dhaifu kuliko simu yako. Zimeundwa kustahimili mionzi, si kukimbia. Pili, kivuli. Jua likisogea, sura yote ya ardhi inabadilika. Lakini shimo ni shimo: ukingo mmoja unang'aa, wa pili una giza, na upande wa Jua unajulikana mapema. Jibu lazima lipatikane ndani ya sekunde chache, maana chombo hakisimami kusubiri.

Kilipofika kama mita 50 juu ya ardhi, injini moja kati ya mbili ilipoteza nguvu, kikasukumwa kando na kutua mita 55 hivi kutoka kwenye lengo. Kabla ya hapo, JAXA wanakadiria, kosa lilikuwa mita 10 au pungufu, pengine 3 au 4. Kilichoharibika ni injini. Macho yalikuwa mazima.

Paneli za umeme wa jua ziliangalia magharibi, kwa hiyo ikabidi kusubiri. Jua lilipozifikia, SLIM ikaamka na kuanza kuchunguza mawe yaleyale iliyoyafuata kando ya kreta ya Shioli. Wanasayansi wakayapa majina ya aina za mbwa.