Taima ya hita plagi imekufa: ufunge nini badala yake?

Baridi ikiingia, swali hili hunifikia karibu kila siku: "Fundi, taima ya hita plagi imekufa, nifunge nini?" Hita plagi ni kijiti kinachopashwa moto kwa umeme ili injini ya dizeli iwake ikiwa baridi, na taima ndiyo inayoamua umeme huo uingie kwa muda gani. Kabla sijajibu, naomba plagi moja ifunguliwe ili nisome volti zilizochapwa kwenye shina lake. Plagi ndiyo inayoamua iendeshwe na nini, na wengi hununua kidhibiti kwanza halafu wakaishia kununua plagi upya.

Dizeli haina cheche. Hewa inagandamizwa mara 20 hivi, inapata moto, mafuta yakipulizwa yanawaka yenyewe. Injini ikiwa baridi, chuma kinalinyonya joto hilo kabla mafuta hayajafika. Injini za zamani ambazo mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kilicho juu ya silinda ndizo zinazoteseka zaidi, kwa sababu chumba hicho kinaongeza eneo la chuma baridi. Ndiyo maana zikawekewa hita plagi humo ndani.

Za kale kabisa zina waya uliopindwa kitanzi, kila moja ikitumia volti moja au mbili tu, na zimeunganishwa kwa mfululizo. Moja ikikatika, zote zinazima. Hizo usizifungie rilei ya kisasa (swichi inayotumia umeme mdogo kuwasha umeme mkubwa) kabla ya kubadilisha mfumo mzima. Zilizofuata zina ncha kama penseli, na kila moja inapata umeme wake moja kwa moja. Hapo ndipo penye mtego, kwani kuna za volti 11 au 12, na kuna za volti 6 zilizowekwa kwenye gari la volti 12 ili zipate moto haraka, huku kidhibiti kikizikatia umeme na kuurudisha.

Niliwahi kuletewa injini ambayo mwenyewe alikuwa ameweka swichi ya kawaida kwenye plagi za volti 6. Volti zikizidi mara mbili, joto linalozalishwa linakaribia mara nne. Ncha zilivimba kama kiberiti kilicholowa maji, na mbili zikagoma kupita kwenye tundu zao. Nilizungusha robo mzunguko, nikapaka mafuta ya kupenya, nikasubiri, nikarudia. Moja ilikatika na ncha ikabaki ndani. Ikabidi silinda hedi, yaani kifuniko kizito cha juu ya silinda, ishuke, yote hayo kwa ajili ya swichi moja.

Kwa hiyo kwa injini ya zamani napendekeza plagi za volti 11 au 12 zinazojidhibiti, zile zenye koili ya pili ambayo ikipata moto inaubana umeme yenyewe. Ukishakuwa nazo, sioni sababu ya kuhangaika na taima. Funga kitufe cha kubonyeza, kinachorudi chenyewe ukikiachia. Swichi ya kubaki imewashwa siitaki kabisa, maana utaisahau. Kidhibiti chenye sensa ya joto ni kizuri kama gari linaendeshwa na watu wengi, lakini sensa ikidanganya hutajua mpaka siku ya baridi kali.

Kitufe kiamrishe rilei tu, kisibebe mzigo. Plagi 4 zikianza baridi zinaweza kuvuta zaidi ya ampea 80, kisha zinashuka kuelekea 40 au 50 zikishakuwa nyekundu. Hapa watu huchomeka solenoidi ya starta, yaani swichi nzito inayopeleka umeme kwenye starta, kwa kuwa ni nene na inapatikana. Hiyo imetengenezwa kushika kwa sekunde chache tu. Ukiishikilia nusu dakika kila asubuhi, koili yake itaungua, au sahani za ndani zitashikana na plagi zibaki zimewaka njia nzima. Tafuta rilei iliyoandikwa kwamba inahimili kuwashwa muda wote, waya usiopungua milimita 10 za mraba, na fyuzi nene karibu na betri.

Kabla ya kufunga chochote, pima plagi. Toa waya zote juu yake, bana taa ya majaribio kwenye chanya ya betri, gusa kichwa cha kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Kisha, ukimaliza kufunga, zungushia mita ya kubana kwenye waya mkuu: ikisoma ampea 30 badala ya 45, kuna plagi haifanyi kazi, hata kama taa ya dashibodi inawaka vizuri.

Kwenye baridi ya kawaida bonyeza sekunde 10 hadi 15, piga starta ukiwa bado umebonyeza, na usiachie injini ikishika tu. Tazama ekzosi. Moshi mweupe ni mafuta yasiyoungua, kwa hiyo endelea kubonyeza sekunde chache mpaka upungue. Na dawa ya kupuliza ya kuwashia injini iache mbali. Ikikutana na ncha nyekundu inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni huweza kupasuka.