Siri inayofichwa ndani ya kaosi hunaswaje?

Kaosi ya wanahesabu, yaani mwendo unaoonekana kama vurugu, inafuata kanuni kamili, ila tofauti ndogo mno mwanzoni huzaa matokeo yaliyo mbalimbali kabisa. Mwaka 1990 wanafizikia Pecora na Carroll walionyesha kwamba mifumo miwili ya namna hiyo inaweza kuunganishwa ikaenda sambamba. Mwaka 1993 wahandisi Cuomo na Oppenheim wakaijengea sakiti za umeme: mtumaji anaupachika ujumbe hafifu juu ya wimbi la kaosi, mpokeaji anazalisha wimbi lile lile kwake, analiondoa kwenye alilopokea, ujumbe unabaki.

Ni kama wachuuzi wawili wanaonong'onezana bei katikati ya makelele ya soko la Kilombero, hapa Arusha. Mpita njia haambulii kitu. Lakini aliyezoea soko, anayejua nani atapaza sauti baada ya nani, atayachuja makelele na kuusikia mnong'ono. Mwanahesabu Kevin Short alifanya hivyo mwaka 1994: alitumia wimbi lililonaswa kutabiri mwendo wa kaosi, akauondoa utabiri huo kwenye wimbi, ujumbe ukajitokeza. Ufunguo, yaani thamani za vipuri vya sakiti, hakuwa nao.

Udhaifu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, umo ndani ya ule ulandanifu wenyewe, yaani kule kwenda sambamba. Sakiti mbili hazifanani kamwe. Kipinga (rezista) chenye mstari wa dhahabu, ambacho fundi redio yeyote mjini anakijua, kinaruhusiwa kupishana na thamani yake kwa asilimia 5. Kwa hiyo mpokeaji lazima avumilie hitilafu ndogo, la sivyo hasikii chochote. Sasa, kinachomvumilia mpokeaji kinamvumilia na mdukuzi: akikisia thamani iliyo karibu na ya kweli, anapata ujumbe wenye mikwaruzo, kisha anasogea kidogo kidogo hadi usikike vizuri. Kwenye AES, mfumo wa kawaida wa kusimba data kwenye kompyuta, kukosea biti moja tu ya ufunguo kunakuachia takataka, wala hujui kama umekaribia.

Kuhamia kwenye kompyuta hakuondoi tatizo. Kompyuta hukata desimali, hivyo mfuatano hujirudia mwishowe. Pia si kila thamani ya ufunguo huzaa kaosi: mlinganyo maarufu wa lojistiki, unaotumiwa sana kuzalisha kaosi, ukiupa kigezo cha 3.83, hutulia kwenye namba tatu zinazozunguka.

Watafiti Álvarez na Li waliorodhesha masharti ya msingi ya usalama wa mifumo hii mwaka 2006. Mwanafunzi wa chuo huko Tengeru anayepanga mradi wa kuficha picha kwa kaosi aanzie hapo, aeleze kwanza ufunguo wake ni upi na funguo zinazofaa ni ngapi, kabla ya kutuonyesha picha iliyovurugika.